Siku Tatu za Kungoja Meli

Harufu ya samaki wa kubanikwa ilitufikia juu ya lori kabla ziwa lenyewe halijaonekana. Sisi tulikuwa watu wa Tinde, watu wa vumbi na ng'ombe, na kwetu maji hayakuwa na harufu kwa kuwa hayakukaa muda wa kutosha kuipata. Uliyachota kwenye shimo la mchanga, ukayanywa, yakaisha. Hii ilikuwa harufu nzito ya moshi, matope na majani yaliyooza, nami niliipenda papo hapo. Nilikuwa na miaka tisa, au pengine kumi, maana mama yangu aliuhesabu umri wangu kwa mvua na hesabu yake haikuwa ya kuaminika. Nilisimama nimeshika ubao wa lori nikinusa, hadi Bibi aliponivuta gauni nikae. Yeye hakugeuka kutazama tuendako. Alikaa nyuma kabisa, uso ameuelekeza kwenye vumbi tulilokuwa tukiliacha, kaniki imemfunika hadi kwenye nyusi, na mkono mmoja umelibana tumbo.

Bibi Milembe alikuwa mama yake mama. Katika miaka ile ya thelathini Baba aliiacha Tinde na kwenda kufanya useremala kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, kuchonga magogo ya kuzuia mashimo yasiporomoke, nasi tukamfuata. Mama alipojifungua mdogo wangu Masanja, Bibi alikuja kumlea mzazi, na kabla kitovu cha mtoto hakijapona vizuri, tumbo likamshika yeye. Walimchemshia mizizi, wakamkanda kwa maji ya moto, likapoa kisha likarudi. Mganga wa dawa za sindano aliyepita kambini alimbonyeza, akasema avushwe ziwa apelekwe hospitali Mwanza. Mama asingeweza kuondoka na kichanga. Safari ikamwangukia Baba, yaani mtu mmoja katika dunia nzima ambaye hakuruhusiwa kumtazama Bibi usoni.

Vijana wa leo nikiwaeleza hucheka, kwa hiyo nitaeleza polepole. Kwetu Usukuma wakati huo, mwanamume na mama mkwe wake walipishana kama watu waliogombana, na kadiri walivyoheshimiana ndivyo walivyopishana zaidi. Wakikutana njiani, mmoja alishuka kwenye majani na kugeuza uso. Hawakula mahali pamoja, hawakutajana majina, hawakuambiana hata kwamba nyumba inaungua. Neno likiwepo, lilibebwa na mtu wa tatu, na mtu bora wa kulibeba alikuwa mtoto mwenye damu ya pande zote mbili. Mtoto huyo alikuwa mimi, Kabula. Ndiyo maana nilikuwa juu ya lori lile. Baba alikaa mbele kabisa, ametupa mgongo, na kila tulipofika penye mashimo alinyoosha kidole bila kugeuka, nami nilitambaa juu ya magunia kwenda kumuuliza anataka nini. Kila mara alitaka jambo lile lile, kwamba Bibi aegemee gunia lililo laini. Bibi naye alinirudisha na jibu lile lile, kwamba ashukuriwe. Nilitambaa mara nyingi siku ile na nilijiona mtu mkubwa sana.

Nungwe, huko lori lilikotushusha, wakati huo ilikuwa kimji kidogo, safu moja ya maduka ya mabati na nyumba za udongo zilizoteremka hadi kwenye gati ya mbao walikoshushia mitambo ya machimbo. Tulifikia kwa fundi cherehani mmoja aliyefahamiana na Baba, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani na misafara. Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kufika mbali, na aliupenda mji wake kuliko nilivyowahi kumwona mtu akipenda mahali. Jioni ile alitutandikia mkeka uani, akanihesabia kwa vidole mambo ambayo mgeni sharti ayafanye. Nipande kwenye mizani ya pamba ghalani kwa Mhindi nijue uzito wangu. Nisikilize sanduku linaloimba dukani. Niende kwenye mwamba ule mkubwa ulioingia majini, nikae juu yake miguu ikiwa ziwani. Nile samaki aitwaye ningu, wa moshi, kwa ugali wa muhogo. Na la mwisho, nisiondoke bila kuiona meli ya moshi ikitia nanga, kwa sababu ikipiga honi hata kuku wa mji mzima hukimbia. Asiyefanya hayo, alisema, asiende kujidai kwao kwamba amefika Nungwe. Alijitolea pia kubeba maneno ya Baba na Bibi ili mimi nicheze. Bibi alikataa kwa upole, akasema mtu wa nje hawezi kubeba neno la ukwe, na kwamba Kabula anatosha.

Asubuhi iliyofuata, jua likiwa bado halijatoka vizuri, Baba alinikuta mlangoni akanichukua hadi ufukweni. Palikuwa na mashua ya tanga inapakia magunia ya choroko na mbuzi wanne. Nahodha alikuwa tayari kuondoka kwenda Mwanza, na upepo ulikuwa mzuri. Meli ingekuja siku ya tatu. Baba alichuchumaa mbele yangu, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya, akanipa neno na kunifanya nilirudie. Nikamuulize Bibi kama maumivu ni yale ya jana au yamezidi. Kama yamezidi, tutapanda mashua sasa hivi. Kama ni yale yale, heri tungoje meli, kwa sababu kwenye mashua hakuna kivuli wala pa kulala, na mawimbi yangemtesa bure. Nilikimbia. Kutoka ufukweni hadi kwa fundi hapakuwa mbali, na njiani nililipita ghala la Mhindi, lango likiwa wazi, mizani ikining'inia kwenye boriti kwa mnyororo wake.

Bibi alikuwa ameketi ukutani, hakuwa amelala. Nilimpa swali lote kama nilivyopewa. Alisikiliza macho yamefumbwa, kisha akasema, "Ng'wanone, mwanangu, mwambie baba yako yamezidi. Mwambie tangu jana ubavu wangu haujagusa mkeka. Twende na hiyo mashua." Alianza kuvuta kifurushi chake huku nikiwa bado nimesimama pale.

Nimeishi na mwendo wa kurudi ufukweni kwa zaidi ya miaka sitini na siwezi kusema nilikuwa nafikiri nini, kwa sababu sidhani nilikuwa nafikiri. Nilikuwa nataka. Nilitaka kupanda mizani. Nilitaka kusikia sanduku linaimba. Tulikuwa tumefika jana alasiri tu, sijaona chochote, na watu wazima walikuwa tayari kunitupa kwenye mashua pamoja na mbuzi. Nilimkuta Baba amesimama na nahodha, mguu mmoja majini. Aliniuliza kwa macho. Nikasema, "Bibi amesema ni yale yale ya jana." Uso wake ulifunguka kwa furaha. Hilo ndilo ninaloliona wazi kuliko yote, jinsi alivyofurahi. Alimpungia nahodha mkono, akamwambia aende zake, nasi tukasimama tukaiangalia mashua ikisukumwa kwa miti hadi tanga liliposhika upepo.

Kisha akanituma kwa Bibi. Nilimkuta tayari mlangoni, kifurushi mapajani, fimbo mkononi, kaniki ameivuta usoni kwa ajili ya kupita mbele ya mkwe wake. Nikamwambia, "Baba amesema tungoje meli." Lilikuwa neno la kweli, Baba alilisema. Maneno yote niliyompelekea Bibi katika siku zile yalikuwa ya kweli. Uongo wangu ulikuwa mmoja, na ulikuwa umekwenda upande wa pili. Bibi alikishusha kifurushi kutoka mapajani. Akasema safari ni ya baba yangu na yeye ndiye anayejua njia. Akaniomba nimsaidie kurudi ndani.

Basi nikafanya yote aliyoyataja Bi Zuhura. Siku ile ya kwanza nilipanda mizani, karani akanining'iniza kwenye ndoana ndani ya gunia kama pamba, akasoma namba ambayo sikuielewa, watoto wa mji wakacheka, nami nikacheka. Nilisimama nje ya duka lenye sanduku la kuimba hadi mwenye duka aliponiita ndani. Sauti ya mwanamke ilitoka kwenye kibweta kwa lugha nisiyoijua, ikilia kitu fulani, nikaanza kulia bila sababu, au nilidhani ni bila sababu. Niliporudi, Bibi aliniambia nimsimulie. Alitaka kila kitu, mizani ilikuwaje, wale watoto walivaa nini, sanduku lilikuwa na ukubwa gani. Nilisimulia huku nikimwona anavyouma pindo la kaniki kila baada ya muda, na nilivyomwona ndivyo nilivyoongeza kasi ya kusimulia. Aliniambia nina bahati, kwamba yeye amezeeka bila kuliona ziwa karibu hivi, na kwamba kesho nikamtazamie ule mwamba.

Siku ya pili Baba alinituma tena kuuliza hali. Hapo nikaona mlango umefunguka. Safari hii ningelibeba jibu la kweli lolote liwalo, na labda Baba angetafuta mtumbwi, angefanya jambo. Lakini Bibi alisema, "Mwambie sijambo." Nilimwangalia. Alikuwa amekauka midomo, na uji wa Bi Zuhura ulikuwa pembeni umeota utando. Leo ninaelewa. Alikwisha kusema mara moja kwamba yamezidi, na kwa kadiri alivyojua, mkwe wake alilisikia neno lile na akaamua wangoje. Mwanamke wa kwetu hakumng'ang'aniza mkwe mara mbili. Ingekuwa ni kuomba, na kuomba kungemvunjia heshima yeye na kumvunjia Baba pia. Nikalipeleka lile sijambo kama lilivyo, na Baba akamshukuru Mungu mbele yangu. Mchana huo nilikwenda kwenye mwamba. Maji yalikuwa safi, samaki wadogo walikuja kuninyonya vidole vya miguu, nikatamani waache.

Kwa nini sikusema? Nimeulizwa swali hilo na mtu mmoja tu. Mashua ilikuwa imekwenda. Nilidhani kusema kusingeirudisha, kungeniletea fimbo tu. Tena Bi Zuhura alikuwa amempikia Bibi tangawizi, akapata usingizi kidogo alasiri ile, na mtoto akimwona mgonjwa amelala huamini amepona. Niliamini kwa nguvu zangu zote. Nilikula yule ningu wa moshi kwa ugali wa muhogo, nikalamba na sahani. Ninayaandika haya kwa sababu sitaki msomaji anionee huruma kupita kiasi. Nilikuwa na hofu, ni kweli, lakini nilikuwa pia na raha, na vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kugombana.

Meli ilikuja siku ya tatu baada ya adhuhuri. Honi ilipolia, kuku walikimbia kweli. Kutoka nyumbani kwa fundi Bibi alibebwa juu ya kitanda cha kamba na vijana wa mtaani, lakini kitanda hakikuweza kupita kwenye ubao mwembamba uliounganisha gati na meli. Walimweka chini. Alijaribu kusimama, akashindwa. Bi Zuhura alitazama huku na huku akitafuta wapagazi, nao wote walikuwa upande wa pili wakishusha vyuma. Mabaharia walipiga kelele kwamba watu wapande. Ndipo Baba akavua viatu vyake, akaja kinyumenyume hadi alipokuwa Bibi, bila kumtazama, akachuchumaa amempa mgongo. Kulikuwa na Wasukuma wengi pale gatini, wachimbaji na wachuuzi, na nakumbuka jinsi walivyogeuza nyuso zao wote kuelekea ziwani ili wasimwaibishe mtu. Bibi alijifunika uso mzima. Bi Zuhura akamnyanyua na kumweka mgongoni kwa Baba, mikono ya Bibi ikaning'inia mbele ya kifua cha Baba, na kichwa cha Bibi kikalala begani. Baba alivuka naye ubao polepole, hatua baada ya hatua. Mdomo wa Bibi ulikuwa karibu na sikio la Baba kuliko mdomo wa mtu yeyote ulivyopaswa kuwa. Hawakusemezana.

Hospitali walimpokea siku hiyo hiyo. Baba alibaki nje chini ya ukuta, mimi nikaruhusiwa kukaa miguuni mwa kitanda. Bibi alipitisha usiku, na asubuhi alikuwa na akili zake zote, akanitambua, akaniuliza kama Masanja analia sana. Kisha akanipa neno la mwisho la kubeba. "Mwambie baba yako sina neno naye." Nilitoka nikamwambia Baba hivyo hivyo. Akainamisha kichwa, akasema asante, kana kwamba Bibi mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu. Niliporudi ndani walikuwa wameshaweka pazia.

Inawezekana angekufa hata kwa mashua. Tumbo la namna ile liliua wengi, na hakuna aliyetuambia kwamba tumechelewa. Nimejaribu kulala juu ya wazo hilo mara nyingi na halijawahi kunibeba hadi asubuhi. Tuliporudi kambini, Mama alinichukua pembeni akaniuliza kama mama yake aliteseka, nikasema hapana, alikuwa akicheka na kunisikiliza nikimsimulia mji. Mama alilichukua neno hilo akalitunza mpaka alipokufa. Baba naye alilitunza lake. Alikuwa mtu asiyejisifu kwa lolote, si kwa useremala wake wala kwa ng'ombe aliokuja kupata baadaye, lakini jambo moja alilisema kila penye harusi, akiwafundisha vijana namna ya kukaa na wakwe: kwamba yeye na mama mkwe wake hawakuwahi kukosana hata kwa nukta, na kwamba mama mkwe huyo alikufa akimtumia salamu kuwa hana neno naye.

Niliolewa, nikazaa, nikamwoza binti yangu kwa kijana wa Ngokolo, Shinyanga mjini, mwalimu, mtu wa siku hizi. Mwezi wa kwanza tu alikuja kwangu na mkewe, akanipa mkono, akasema shikamoo mama, akavuta kiti akaketi nami, akaniuliza mguu wangu unaendeleaje. Nikamjibu marahaba, na mguu unauma, hasa nipandapo ngazi. Baba alikuwa akiishi kwangu wakati huo, mzee wa mkongojo. Alitoka akaketi uani hadi wageni walipoondoka, kisha akarudi kunigombeza. Alisema tumeitupa heshima jalalani. Akaanza tena habari zake na Bibi, jinsi walivyoishi miaka yote ile bila kuangaliana na bila ubaya, na neno alilomtumia. Nilikuwa nachambua mchele. Sijui kwa nini siku ile na si nyingine. Labda ni kwa sababu yule kijana aliniuliza swali jepesi, akapata jibu lake kutoka kinywani mwangu, na hakuna aliyekufa. Nikamwambia Baba. Nilimwambia yote, kuanzia mlangoni kwa fundi hadi ufukweni, maneno aliyoyasema Bibi na maneno niliyoyafikisha mimi.

Nilikuwa nimetazamia hasira, na kwa hakika niliingoja kama mtu anayengoja kulipwa haki yake. Aliniuliza tu kwa nini sikusema, nami, mwanamke wa makamo mwenye binti aliyeolewa, nikainamia mchele wangu kama mtoto. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, akiongea na ardhi, "Kumbe ndiyo maana alisema hana neno nami. Alikuwa ananisamehe." Nilimwona akizirudia siku zile moja moja kichwani, mashua, lile sijambo la siku ya pili, ule ubao wa gatini na uzito wa mwili wa mama mkwe wake mgongoni, na katika kila siku alijikuta ni mtu mwingine kuliko aliyedhani. Mimi nilisikia mwili umekuwa mwepesi, ninaona aibu kukiri hivyo. Mzigo niliutua, lakini niliutua juu ya mzee ambaye hakuwa na kosa, na hakuwa na miaka ya kutosha ya kuuzoea.

Siku hizi wakwe zangu wote wananipigia simu. Wanauliza nimelalaje, nimekula nini, dawa nimekunywa, nami huwajibu wenyewe, kwa kinywa changu, hata pale ukweli unapowachosha. Wazee wenzangu husema mambo yameharibika, na sibishani nao, kwa sababu nakumbuka wale watu gatini walivyogeuza nyuso zao, na najua hakuna mtu leo atakayegeuza uso wake kwa ajili yangu namna ile. Baba aliishi miaka minne baada ya siku ile ya mchele. Hakunigombeza hata mara moja, alikula nilichompikia, aliniombea nilipougua. Ila alipotaka kitu kwa jirani, au alipokuwa na salamu za mtu, alichukua mkongojo wake akaenda mwenyewe.